Dagaa Wapita Mlangoni, Uji wa Mtoto Wabaki Mweupe

Kabla vyeti vya kuzaliwa havijaenea vijijini, mwalimu aliyeandikisha watoto wa darasa la kwanza alikuwa na kipimo kimoja ambacho watu wengi wa rika la wazazi wangu wanakikumbuka. Mtoto aliambiwa avushe mkono wa kulia juu ya utosi hadi vidole viguse sikio la kushoto. Aliyegusa aliandikishwa, na asiyegusa alirudishwa nyumbani akakue kwanza. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma, na nimewasikia wazee wakicheka wanapokumbuka jinsi walivyorudishwa, ilhali wenzao waliozaliwa msimu uleule walikwisha kukalia dawati. Wakati ule hakuna aliyewaza kwamba huenda umri wa mtoto ulikuwa umetimia, ila mwili ndio uliobaki nyuma.

Siku hizi tunauliza cheti, lakini watoto wa namna hiyo hawajaisha. Nikiwapanga mstarini nawaona wa miaka saba wenye kimo cha wa mitano, na tatizo ni kwamba hawaonekani wagonjwa. Wanacheza, wanapiga kelele, mashavu yamejaa. Huu ndio udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kupita kiasi kwa umri wake, na tofauti yake na ukondefu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyekonda hukimbizwa zahanati kwa sababu kila jirani anamwona. Aliyedumaa husemwa tu kwamba amemrithi babu yake.

Kitaifa hali imekuwa nzuri kidogo kidogo, na si haki kuandika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, mwaka 2015/16 asilimia 34, na utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Mkoa wetu, hata hivyo, ulijitokeza vibaya katika utafiti wa lishe wa mwaka 2018, ambapo zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walikutwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 32. Kigoma ilihesabiwa pamoja na Njombe, Iringa, Rukwa, Songwe na Ruvuma, mikoa ambayo yote inasifika kwa kulima.

Hapo ndipo penye fumbo linalonisumbua. Mgeni akishuka mwaloni Kibirizi asubuhi, baada ya mitumbwi ya usiku kurudi na taa zake, ataona dagaa na migebuka kwa kiasi kitakachomfanya aulize ni nani anayelala njaa hapa. Akipanda Kasulu, Buhigwe au Kibondo atakuta maharage yanayosafirishwa kwa malori hadi Dar es Salaam. Akitazama mabonde yaliyo karibu na ziwa ataona michikichi, ambayo serikali imeifufua kwa nguvu tangu mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kampeni ya zao hilo mkoani kwetu, na ambayo mafuta yake mekundu, mawese, ni miongoni mwa vyakula vyenye utajiri mkubwa zaidi wa kiini cha vitamini A. Samaki, kunde, mafuta: ukimwomba mtaalamu wa lishe ataje vitu ambavyo uji wa mtoto mchanga unavikosa, atataja hivyohivyo vitatu. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kwamba dawa ya udumavu ni kuongeza mavuno. Mavuno yapo. Yanapita mlangoni yakielekea mnadani, na bakuli la mtoto halionjeshwi.

Miezi ninayoizungumzia ni kati ya wa sita na wa ishirini na tatu. Kabla ya hapo mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo anaweza kunyang'anyana na kaka zake sinia la ugali. Katikati anahitaji chakula chake, kilichopikwa kwa ajili yake, na tumbo lake ni dogo mno. Makadirio ya wataalamu ni kwamba tumbo la mtoto hubeba mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa miezi tisa mwenye kilo nane anashiba kwa mililita 240, pungufu kidogo ya kikombe cha chai kilichojaa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtoto wa umri huo, mbali na maziwa ya mama, anahitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa uchukue uji wetu wa kawaida, ule mwepesi unaotiririka kutoka kwenye kijiko, unga kidogo na maji mengi ili usimkwame kooni. Kila mililita yake ina kama theluthi moja ya kilokalori. Kikombe kizima ni kilokalori 80 hivi, na mtoto akinywa vitatu kwa siku, ameshiba mara tatu na bado amepungukiwa. Ikiwa unga wenyewe ni wa muhogo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kigoma, protini yake ni haba kuliko hata ya mahindi, na madini ya chuma, ambayo katika umri huo zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji yake lazima yatoke kwenye chakula na si kwenye maziwa, karibu hayapo kabisa.

Mama haoni njaa yoyote hapo. Mtoto hakulia, alimaliza kikombe, akalala.

Mwaka jana, katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, nilisimama nyuma ya meza nikisaidia kuandika majina. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye miezi kumi na minane, aliwekwa kwenye ile suruali ya kupimia, mzani ukasoma kilo 9.3. Muuguzi akaweka alama kwenye kadi na alama ikaangukia ndani ya eneo la kijani. Akazungusha utepe wa mkono, nao ukasoma kijani, kwa kuwa nyekundu huanzia chini ya sentimita 11.5 na kijani huanzia 12.5. Kwa kawaida shughuli ingeishia hapo, mama angeambiwa hongera na kwenda zake. Lakini siku hiyo afisa lishe alikuwa amekuja na ubao wa kupimia urefu. Kumlaza mtoto kwenye ubao huo si kazi ya mchezo: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine anabana magoti na kusukuma kibao cha chini hadi kwenye nyayo, na mtoto analia kana kwamba anachinjwa. Ubao ulisoma sentimita 75. Mvulana wa umri huo akiwa chini ya sentimita 77 huhesabiwa amedumaa.

“Mbona uzito mmesema mzuri, dada?” mama aliuliza.

“Uzito ni mzuri kwa urefu alionao, mama,” afisa lishe alimjibu. “Urefu wenyewe ndio haujafika. Unampa nini asubuhi?”

“Uji.”

“Na mchana?”

“Uji, nikiwa nimerudi shamba. Nisiporudi dada yake humpa uliobaki.”

Dada mwenyewe alikuwa pale, kamshika mtoto mgongoni kwa kanga, na ni mwanafunzi wangu wa darasa la tatu.

Nililipenda jibu hilo la mama kwa sababu linaeleza mambo ambayo mabango hayaelezi. (Nimewahi kuona bango la mlo kamili lililokuwa na picha ya tufaha; nadhani hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyewahi kulishika tufaha.) Mtoto wa miezi tisa hadi ishirini na tatu anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, na vitu vya kutafuna katikati. Mama anayeondoka alfajiri na jembe, akirudi saa nane na kuni kichwani, hana mikono ya kupika mara nne. Ukimpa elimu ya lishe bila kumpunguzia kazi hata moja, umemwongezea kazi ya tano. Ndiyo maana ninapoulizwa ni nini kifanyike, sianzi na semina. Ninaanza na kitu kinachobadilisha kile kikombe kilekile anachokipika tayari.

Kitu hicho kinajulikana, na sehemu yake ilifanyiwa utafiti hapahapa nchini. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walionyesha kwamba ukipika uji mzito wenye unga wa kutosha, kisha ukauacha upoe kidogo na kukorogea humo kijiko cha unga wa kimea, uji unalainika na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipuzwa hukatakata wanga. Mtoto anakunywa kikombe kilekile kwa wepesi uleule, na chakula kilichomo ni maradufu. Wanawake wa huku wanajua kuchipusha nafaka tangu zamani, ila ujuzi huo umekaa upande wa pombe. Kwa mtoto ni salama zaidi kutumia ulezi, maana machipukizi ya mtama yana sumu na sharti yaondolewe kabla ya kusaga.

Mawese nayo: kijiko kimoja cha chai katika kikombe huongeza kilokalori 40 hivi, na rangi ile nyekundu ndiyo kile kiini cha vitamini A. Wapo wanaoyaunguza hadi yapauke ili kuondoa harufu. Basi wakishayapausha wamebaki na mafuta matupu. Halafu dagaa. Wakikaushwa vizuri, wakapondwa kwenye kinu na kuchekechwa, kijiko cha unga wao huleta protini, madini ya chuma, zinki na, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, kalsiamu ambayo nyama inayo kidogo sana. Nimeshuhudia bibi mmoja akimzuia mkwewe asimtilie mtoto wa miezi saba unga huo, akisema samaki ni wa mtoto mwenye meno. Mkwewe hakubishana naye, maana si adabu. Alimpa bibi kijiko cha kwanza aonje. Bibi alionja, akasema umekosa chumvi, na mjadala ukaishia hapo.

Kwa nini basi dagaa hawafiki kwenye kinu? Bei ndiyo jibu la kwanza. Dagaa wa Kigoma wanapendwa nchi nzima kwa sababu hawana uchungu wala mchanga, wakikaushwa inavyostahili, na kwa hiyo wanauzwa ghali. Aliyewavua anahitaji fedha ya mafuta ya injini. Aliyewaanika, mara nyingi mwanamke, analipwa kwa ndoo. Wale wasio na soko, waliokatika na walioanikwa mchangani, ndio hubaki nyumbani, nao wamejaa changarawe ambazo hakuna mama mwenye akili atampa mtoto wake. Kuanika juu ya chanja kunaondoa tatizo hilo kwa mbao chache na wavu. Tena, tangu mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ninaunga mkono hatua hiyo, kwa kuwa ziwa lilikuwa linachoka. Lakini miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri wa mtoto wa mwaka mmoja, na sijaona mpango wa kijiji unaosema kila kaya yenye mtoto mdogo ijiwekee kilo ngapi za dagaa wakavu kabla ziwa halijafungwa. Unga wa dagaa uliokauka sawasawa na kufungwa vizuri unahifadhika. Huu ni uzembe wa kupanga, na si umaskini.

Sababu nyingine, inayomchelewesha mtoto kupata msaada, ni ngumu kuandikwa, maana inagusa chumbani. Mtoto akikosa afya hapa kwetu, maneno ya kwanza ya majirani ni kwamba amebemendwa, yaani baba au mama hakutulia wakati wa kunyonyesha. Mama anayesikia hivyo hapeleki mtoto kliniki ambako foleni nzima itamtazama. Anatafuta dawa kimyakimya, na wiki zinakwenda. Muuguzi mwenye busara halipingi jambo hilo kwa dhihaka. Anapima, anatibu, anamsifu mama kwa kuja.

Kuhusu unga wa lishe unaouzwa madukani nina neno, na najua litawaudhi baadhi ya marafiki zangu wanaoufanyia biashara. Kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga katika mfuko mmoja si kuongeza lishe, kwa kuwa nafaka nne hufanya kazi ya nafaka moja. Soya isiyopikwa vya kutosha huzuia mwili kutumia protini yake yenyewe. Karanga zilizosagwa huchacha upesi, na zikihifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kama mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo hatuzungumzii hatari ya kufikirika. Nafaka moja, jamii ya kunde au samaki mmoja, mafuta, na unga usagwe kidogo kidogo: huo ndio ushauri ninaouamini. Tangu kanuni za mwaka 2011 wenye viwanda wanatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, wa mahindi na mafuta ya kula, lakini kijijini tunasagisha kwenye mashine ya jirani, na sheria hiyo haifiki pale.

Maji na vyoo sitavisahau, ingawa nitavipita haraka. Utafiti mkubwa uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2019 uligawa familia katika makundi. Waliopewa elimu na nyongeza ya chakula kuanzia miezi sita, watoto waliodumaa walipungua kutoka asilimia 35 hadi 27, na waliojengewa vyoo na vya kunawia mikono peke yake kimo hakikubadilika. Wengine waliusoma kama kwamba usafi hauna maana. Mimi naona unasema kwamba choo cha shimo na kopo la maji ni kidogo mno kwa mtoto anayetambaa uani pamoja na kuku, na kwamba mwenye fedha chache aanzie kwenye bakuli.

Atakayeuliza kama kikombe cha uji kinaweza kubadili maisha ya mtu, aitazame Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, katika vijiji vinne, watoto wa vijiji viwili walipewa uji uitwao atole uliotiwa maziwa ya unga na protini, na wa vijiji viwili vingine wakapewa kinywaji kisicho na protini. Watafiti waliwafuata hadi utu uzima. Wanaume waliokunywa atole kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakipata ujira unaozidi wa wenzao kwa asilimia 46 kwa saa. Waliokunywa wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa hawakupata faida hiyo. Mimi napokea watoto wakiwa na miaka sita, na uji wa shuleni, ambao naupigania kila mwaka kwa sababu mtoto mwenye njaa hasikii somo, hauwezi kumrudishia kimo.

Hapa ndipo ninapowataka viongozi. Iringa ilionyesha njia mapema kuliko mkoa wowote. Kuanzia mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, waliendesha programu katika vijiji 168 ambako watoto walipimwa uzito kila robo mwaka na majibu yakajadiliwa na kijiji chenyewe. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia sita hadi chini ya mbili kwa miaka michache, na mawazo yake yakaingia katika mfumo ambao UNICEF iliutangazia ulimwengu mwaka 1990. Na bado, katika utafiti wa 2022, Iringa ndiyo iliyoongoza nchi kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wake. Tafsiri yangu ni kwamba walichokipima walikishusha. Walipima uzito. Kimo hakikuwekwa mezani, na kisichowekwa mezani hakuna anayekidai.

Tangu mwaka 2017 kuna mkataba wa lishe unaosainiwa kutoka juu hadi kwa wakuu wa mikoa, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha hiyo ni ndogo, lakini katika kata yenye watoto elfu mbili ni shilingi milioni mbili, na fundi seremala wa hapa anaweza kutengeneza ubao wa kupimia urefu akipewa vipimo sahihi. Ningependa kila zahanati iwe na ubao wake na watu wawili waliofundishwa kuutumia, na kadi ya mtoto isifungwe kabla urefu haujaandikwa, angalau anapokuja kwa chanjo ya miezi tisa na ya kumi na minane. Fedha itakayobaki iende kwenye chanja za kuanikia dagaa.

Kijijini kwetu tumekwama kwenye jambo dogo zaidi. Kinu kinachosha, na akina mama waliomba dagaa wasagwe mashineni. Mwenye mashine alikataa, na hakukosea, kwa kuwa harufu huingia kwenye mahindi ya wateja wengine kwa siku mbili. Baada ya vikao kadhaa amekubali Jumamosi jioni, kazi nyingine zote zikiwa zimekwisha, kisha mashine isafishwe kwa kusaga debe la pumba. Kilichobaki ni nani atatoa pumba hizo. Mwenyekiti wa kitongoji anasema ni waliosagisha dagaa; wao wanasema pumba zikishapita mashineni zinanukia samaki na mwenye mashine atawauzia wafuga kuku kwa bei nzuri, kwa hiyo azitoe yeye. Kikao kingine kimepangwa wiki ijayo.